Kupanda Mlima Wakati wa Baridi: Mambo ya Kupanga Kabla ya Kufunga Begi

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, na mazungumzo yetu ya leo yanahusu jambo ambalo wengi hudhani ni la watalii peke yao: kupanda mlima na kulala kwenye hema katika miezi ya baridi.

Si la watalii peke yao. Kila mwaka shule zikifungwa mwezi wa Agosti, makundi ya vijana wa kanisa, vyama vya wanafunzi na wale walio katika mpango wa Tuzo ya Rais hupanga safari. Wengine huishia hapa hapa kwetu, vilima vya Mbooni, Kilungu, Nzaui au Mutitu. Wengine huenda Chyulu. Wengine hukodi matatu na kwenda hadi Mlima Kenya. Na kila mara kuna mzazi anayeniuliza mambo mawili: mtoto wangu abebe nini, na je, ataanguka? Swali la kwanza ni zuri. La pili si baya, lakini kuanguka si hatari pekee mlimani. Baridi, moshi wa makaa na haraka ya kufika kileleni ni hatari ambazo watu huzisahau, na zote tatu zinaweza kuzuiwa kabla ya mtu kutoka nyumbani.

Mlima huo si mgeni kwetu watu wa Kitui. Tarehe 3 Desemba 1849 mmishonari Johann Ludwig Krapf aliuona kutoka Kitui, alipokuwa mgeni wa Kivoi, yule mfanyabiashara mashuhuri wa misafara. Alipoandika Ulaya kwamba kuna weupe wa barafu karibu na ikweta, wengi waliosoma hawakumsadiki. Sisi tunaouona asubuhi mbingu zikiwa safi hatuna shaka. Ila kuuona kwa mbali ni kitu kimoja, na kulala juu yake ni kitu kingine.

Tuanze na baridi yenyewe. Kadiri unavyopanda, hewa hupoa. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua takriban digrii 6. Mji wa Kitui uko karibu mita 1,150 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Lenana, ambacho ndicho watembeaji wa kawaida hufika, kiko mita 4,985. Piga hesabu: tofauti ni zaidi ya mita 3,800, yaani digrii kama 23. Siku ambayo wewe umeketi sokoni Kitui kwa digrii 24 ukilalamika kidogo kwamba kuna upepo, kijana wako kule juu yuko karibu na kiwango cha maji kuganda, na hapo ni mchana. Usiku maji katika chupa huganda kabisa.

Lakini msidhani baridi inayoua inahitaji barafu. Hapa ndipo watu wa vilima vyetu hukosea. Vilele vya Mbooni na Kilungu hukaribia mita 1,900, na miezi ya Juni, Julai na Agosti huwa na ukungu na manyunyu tangu alfajiri. Mtu aliyelowa maji, amechoka, hajala, na anapigwa na upepo, anaweza kupoteza joto la mwili hata kama kipima joto kinaonyesha digrii 10. Nguo iliyolowa hunyonya joto la mwili upesi sana kuliko nguo kavu. Upepo humalizia kazi.

Joto la kawaida la mwili ni karibu digrii 37. Likishuka chini ya 35, mtu yuko hatarini. Dalili zake zijue kwa moyo, kwa maana mgonjwa mwenyewe hazitambui. Kwanza hutetemeka bila kuweza kujizuia. Kisha vidole vinakataa kazi: hawezi kufunga zipu wala kamba ya kiatu. Anaongea kama mlevi. Anajikwaa. Anakuwa mkali au mkimya kupita kiasi, anabaki nyuma, anasema, "Niacheni hapa nipumzike kidogo." Na sikia hili vizuri: kutetemeka kukiisha kabla hajapata joto, usifurahi. Huko si kupona. Mwili umeishiwa nguvu za kutetemeka.

Ufanye nini? Mtoe kwenye upepo na mvua kwanza. Mvue nguo zote zilizolowa, umvike kavu, kichwa na shingo pia. Mtenge na ardhi, kwa sababu ardhi baridi hunyonya joto kutoka chini. Mwekee mkeka, begi, katoni, chochote kikavu. Mfunike, na mtu mwingine mwenye joto alale karibu naye ndani ya blanketi hilo hilo. Huu si wakati wa kuona haya. Kama yuko macho na anaweza kumeza, mpe chai ya moto yenye sukari nyingi, au uji. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa ukimwekea kifuani na kwapani inasaidia sana. Usimsugue mikono na miguu. Usimlazimishe kutembea ili "apate joto" ikiwa tayari anayumba. Wala usimpe pombe.

Juu ya pombe nitasema zaidi, kwa maana nimesikia vijana wakisema ati kachupa kadogo ni sehemu ya vifaa vya mlimani. Pombe hufungua mishipa midogo ya ngozi. Damu yenye joto hukimbilia nje, mtu anahisi moto usoni, na wakati huo huo joto la ndani linamtoka. Anahisi vizuri huku anapoa. Tena inamwondolea busara ya kurudi chini.

Sasa mavazi. Huna haja ya kuuza mbuzi ili ununue vifaa vya Wazungu. Nenda kwenye mitumba siku ya soko, upekue. Tafuta sweta ya sufu au koti la manyoya laini ya nailoni, soksi nene jozi tatu, glavu, boshori, na koti la mvua lisilopitisha maji. Jinsi ya kuvaa ni hivi: nguo nyembamba ndani, ya joto katikati, na ya kuzuia mvua na upepo nje. Ukianza kutokwa na jasho, punguza moja, kwa maana jasho likikulowesha ni sawa na mvua. Suruali za jinzi ziacheni nyumbani. Zikilowa hazikauki, zinakuwa nzito, na miguu inapoa. Nguo za kulala na soksi za usiku zifunge ndani ya mfuko wa nailoni, uufunge tena ndani ya mwingine, na usizivae mchana hata ukishawishika namna gani. Hiyo ndiyo akiba yako.

Viatu viwe umevivaa nyumbani kwa majuma kadhaa. Kiatu kipya mlimani ni malengelenge, na malengelenge huchelewesha kundi zima hadi giza linawakuta njiani.

(Wimbo mfupi, halafu mazungumzo yaendelee.)

Karibuni tena. Sasa nataka tuongee juu ya jiko la makaa, na hapa naomba hata nyanya zetu nyumbani wasikilize, kwa sababu jambo hili haliko mlimani tu.

Kikundi kimefika kambini, kumenyesha, kila mtu anatetemeka. Mmoja anasema, "Tuingize jiko ndani ya hema, tufunge zipu, tupate joto." Makaa yakiwaka mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi. Haina harufu. Haikohozi mtu kama moshi wa kuni. Ikiingia katika damu hushika mahali ambapo oksijeni ilipaswa kukaa, na kung'ang'ania hapo. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kichefuchefu, analegea, anasinzia. Anadhani ni uchovu wa safari. Akilala, huenda asiamke, na waliolala naye pia. Makaa yaliyofunikwa majivu, yanayoonekana kama yanazima, bado hutoa gesi hiyo.

Kwa hivyo jiko la makaa, jiko la mafuta ya taa au la gesi halilali hemani. Halilali garini. Halilali katika chumba kilichofungwa madirisha huko Kilungu ambako baridi ya Julai inauma. Pikeni nje, au chini ya turubai lililo wazi pande zote. Ukitaka joto la usiku, chemsha maji, tia kwenye chupa ngumu, funga kwa soksi, ingia nayo ndani ya blanketi. Na ukimkuta mtu amelegea ndani ya hema lenye jiko, usikae humo kumwuliza maswali. Fungua, mtoe nje kwenye hewa, halafu apelekwe hospitali hata akisema sasa ni mzima.

Nimetaja kambi. Unapiga hema wapi? Kwa Chyulu, kumbukeni kwamba vilima vile vimetokana na volkano na mawe yake hunywa mvua yote. Maji hayo hutokea mbali chini, kwenye chemchemi za Mzima. Juu huku hakuna kijito. Maji yote mnabeba. Pia ni makao ya tembo na nyati, kwa hivyo mtalala pale ambapo askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori watawaambia mlale, si pale palipo na picha nzuri. Kwa vilima vya nyumbani, ombeni ruhusa ya mwenye shamba na mumjulishe chifu au naibu wake. Wenyeji wanajua pale maji hupita usiku.

Usipige hema karibu na kichuguu. Nyufa za vichuguu ni makao ya usubi wanaoeneza ugonjwa wa kala-azar, ambao wazee wa Kitui wanaukumbuka tangu ule mkurupuko wa miaka ya 1950, na ambao haujaisha katika maeneo makavu ya nchi yetu. Nyoka nao hupenda vichuguu na mawe yenye joto. Kung'uteni viatu asubuhi, tembeeni na tochi usiku, na aliyeumwa asikatwe wala kufungwa kamba. Apumzishwe, kiungo kisitikisike, apelekwe hospitali haraka. Hayo tulishayazungumza katika mazungumzo mengine, sitayarudia.

Jambo ninalotaka kukaa juu yake ni ardhi inayoshuka.

Msikilizaji mmoja aliniuliza kama kule Mlima Kenya kuna maporomoko ya theluji kama yale tunayoyaona kwenye televisheni, ambapo mlima mzima unaonekana kumwagika. Maporomoko ya namna hiyo yanahitaji theluji nyingi iliyolala tabaka juu ya tabaka, kwenye mteremko mkali, hasa wa nyuzi 30 hadi 45. Tabaka la juu likilemewa na theluji mpya, au upepo, au mtu akilikanyaga, hukatika na kuteleza lote kwa mara moja. Huko Uswisi na Canada watu hutembea na kifaa cha kutuma ishara, koleo na ufito mrefu wa kuchokolea, kwa sababu aliyefukiwa ana nafasi nzuri ya kuishi akifukuliwa katika dakika 10 hadi 15 za kwanza, na baada ya hapo nafasi hupungua upesi. Kama una mwana au binti anayesoma huko na amealikwa kwenda milimani wakati wa theluji, mwambie aulize taarifa ya hatari ya siku hiyo, na asiende kama wenyeji hawaendi.

Kwetu, njia za watembeaji kuelekea Lenana hazina theluji ya kina hicho. Barafu za Mlima Kenya zimepungua sana. Barafu ya Lewis, ambayo wazee waliopanda zamani waliiona pana, leo ni mabaki. Kinachoanguka huku kwetu ni mawe. Barafu ilikuwa kama gundi iliyoshika mawe kwenye miamba, na gundi hiyo inayeyuka. Tarehe 4 Januari 2006, kule Kilimanjaro, kwenye njia ya Western Breach karibu na Barafu ya Arrow, mawe yaliporomoka na kuua Wamarekani 3. Njia hiyo ilifungwa kwa muda.

Kutokana na hayo mpango wako unabadilika hivi. Sehemu zilizo chini ya miamba vukeni mapema asubuhi, mawe yakiwa bado yameshikwa na baridi ya usiku, kabla jua halijayalegeza. Msiketi hapo kula. Msivuke mkiwa mmebanana. Aende mmoja, wengine wakiangalia juu. Mkisikia kishindo, mtu asikimbie ovyo kuteremka mbele ya jiwe; ajibanze nyuma ya mwamba mkubwa na kufunika kichwa kwa begi. Kuteremka kutoka Lenana kuna changarawe zinazoteleza, na vijana hupenda kukimbia hapo kama wanacheza. Yule wa juu anapokimbia, mawe yanamfuata yule wa chini. Kataza.

Na sisi wa vilima vya nyumbani tusijione salama. Udongo nao huporomoka. Mwezi wa Machi 2010 udongo ulifukia kijiji kizima cha Nametsi huko Bududa, Uganda. Novemba 2019 ikawa Pokot Magharibi, na makumi ya watu wakafa usiku wakiwa wamelala. Miteremko ya Mbooni na Kilungu ni mikali, na pale ambapo matuta yamebomoka na miti imekatwa, udongo ulioshiba maji hauna kitu cha kuushika. Miezi ya baridi kwa kawaida haina mvua kubwa, lakini makundi mengi hupiga kambi Desemba pia na wakati wa Pasaka, wakati mvua inanyesha au ndiyo kwanza imeisha. Angalieni nyufa mpya ardhini, miti au vigingi vilivyoinama ghafla, chemchemi iliyokuwa safi ikitoa maji ya matope, au kijito kikikauka ghafla huku mvua bado inanyesha. Ukiona moja, hema ling'olewe saa ile ile, na mwende pembeni, si kuteremka bondeni kufuata mkondo.

Mchanga wa mto uliokauka nao unashawishi. Ni laini, ni tambarare, hauna miiba. Usilale hapo hata usiku mmoja. Mito yetu haingoji mvua inyeshe mahali ulipo; inanyesha vilimani mbali, na maji yanakufikia nyota zikiwa zinaonekana. Nguvu ya maji hayo Kitui tunaijua kwa uchungu. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda arusini lilisombwa kwenye mto Enziu karibu na Mwingi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Wengi walikuwa watu waliokuwa wakiimba asubuhi hiyo. Sitasema zaidi, kwa maana familia zao bado zinasikiliza redio hii. Nasema tu kwa kiongozi wa kundi: ukikuta mto umejaa, safari imesimama hapo, hata kama mmelipia malazi ng'ambo.

(Wimbo mfupi.)

Tumebakisha ugonjwa wa mwinuko, ambao unawahusu wale wa Mlima Kenya. Kule Lenana hewa ni nyepesi. Kila pumzi unayovuta ina oksijeni ya zaidi kidogo ya nusu ya ile ya Mombasa. Mwili unaweza kuzoea, ila unadai muda. Kanuni wanayoifuata madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja.

Sasa angalia ratiba ambazo vijana huniletea. Wanatoka Wote au Kitui saa kumi na moja alfajiri, mchana wako lango la Sirimon mita 2,650, jioni wanalala Old Moses mita 3,300. Kesho yake Shipton mita 4,200. Usiku wa manane wanaamshwa kwenda Lenana. Kutoka mita 1,150 hadi karibu 5,000 katika siku mbili na nusu! Ratiba hiyo siipendi hata kidogo, na bei yake nafuu hainivutii. Ni bora mlale Nanyuki usiku wa kwanza, karibu mita 1,900, kisha Old Moses usiku mbili, mkitembea juu mchana na kurudi chini kulala, ndipo mwende Shipton, na huko pia mlale usiku mbili. Nguvu za mtu hazimsaidii hapa. Kijana mchezaji wa mpira huugua sawa na mwalimu wake mwenye kitambi, mara nyingine kabla yake, kwa sababu yeye ndiye aliyekimbia mbele.

Kuumwa kichwa, kukosa hamu ya kula, kutapika, kukosa usingizi na kuchoka ni dalili za mwanzo. Mwenye dalili hizo asipande tena hadi ziishe. Akae pale pale, anywe maji, ameze dawa ya maumivu, zikizidi, ateremke. Kuna dawa iitwayo asetazolamaidi inayosaidia mwili kuzoea, lakini huandikwa na daktari kabla ya safari, si ya kuazimana kambini. Kitunguu saumu kutafuna si tiba.

Dalili za hatari ni mbili kubwa. Moja ni mapafu: mtu anahema hata akiwa amekaa, anakohoa, midomo inakuwa ya buluu, pengine makohozi yana povu la rangi ya waridi. Nyingine ni ubongo: anachanganyikiwa, anayumba. Mpime hivi: mwambie atembee kwenye mstari, kisigino kikigusa kidole cha mguu mwingine. Akishindwa, msingoje asubuhi. Ateremshwe usiku huo huo, angalau mita 500 hadi 1,000, akisindikizwa na watu wawili na asiachwe peke yake. Kuteremka ndiyo dawa yenyewe. Watu hufa kwa sababu mwenzao mmoja alisema, "Tungoje kuche."

Kwa sababu hiyo wako wasiofaa kwenda juu hivyo bila kuonana na daktari: mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye selimundu, mama mjamzito, mwenye pumu isiyotulia, aliyetoka kuugua nimonia. Mwenye kisukari anaweza kwenda akijipanga, lakini insulini ikiganda imeharibika. Aiweke karibu na mwili, ndani ya nguo. Mwenye homa asiende popote. Apimwe malaria kwanza, kwa maana homa ikianzia Kibwezi haigeuki kuwa ugonjwa wa mlima kwa kupanda matatu.

Chakula nacho kina mambo yake. Mtu mmoja alinieleza kwa huzuni jinsi walivyobeba muthokoi kilo nne hadi Shipton, wakachemsha kutwa na ikabaki kama kokoto. Si uchawi. Kadiri unavyopanda, maji huchemka yakiwa na joto dogo zaidi. Kwenye mita 4,200 yanachemka karibu digrii 86. Isyo na muthokoi haviivi huko. Beba unga wa uji, mchele uliopikwa nusu, viazi vitamu vilivyochemshwa, mayai yaliyochemshwa, karanga, sukari, chapati. Maji ya kijito bado yanauawa viini kwa kuchemshwa, ila yaache yachemke dakika 3 kamili. Kunyweni lita 3 au zaidi kwa siku hata kama hamsikii kiu, kwa maana baridi huficha kiu. Mkojo ukiwa wa manjano iliyokolea, hujanywa vya kutosha.

Mwisho wa mipango ni karatasi. Andika majina ya wote, simu za nyumbani, magonjwa na dawa za kila mmoja, njia mtakayopita na saa mtakayorudi. Nakala moja ibaki na mtu nyumbani ambaye mkichelewa atapiga simu kuuliza. Nyingine itolewe langoni mnapojiandikisha. Kubalianeni mapema saa ya kugeuka: kama ni saa tatu asubuhi na hamjafika kileleni, mnarudi, na hakuna kura. Anayetembea polepole awe mbele, na mtu mzima mwenye tochi awe wa mwisho. Simu zizimwe na kuwekwa ndani ya nguo, kwa sababu baridi huua betri. Nambari za dharura ni 999 au 112, na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupatikana kwa 1199 bila malipo.

Mama mmoja wa Kilome aliniuliza kama mwanawe wa miaka 12 anaweza kwenda na kundi la kanisa Mlima Kenya. Mwaitu, ningependa aanze na Nzaui. Aende asubuhi, arudi jioni, umwone amerudi na nguo kavu begini au alizivaa zote njiani. Mwaka ujao alale hemani Mbooni usiku mmoja wa Julai. Akijua kusema "nasikia baridi" kabla hajaanza kutetemeka, na akijua kumwambia mwalimu "kichwa kinaniuma" bila kuona aibu mbele ya wenzake, hapo ulizeni tena.

Juma lijalo, wasikilizaji wapenzi, tutazungumza juu ya maji ya visima vya mchanga na jinsi ya kuyatibu nyumbani. Leteni maswali yenu mapema kwa wahudumu wa afya wa vijiji vyenu.